Kofia ya Sufu

Kila asubuhi, kabla ya kumenya ndizi, Kemirembe aliegemeza simu kwenye kinu akasoma ujumbe wa Mama Auleria. Leo hakumaliza hata mstari wa kwanza. Pikipiki iliingia kati ya migomba, na aliyeshuka alikuwa Mama Auleria mwenyewe, mshauri wa zahanati ya Kamuli, ameshika kofia ndogo ya sufu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nipe mjukuu wangu nimvishe. Au ameshakuwa mzito wa kunishinda?"

Kemirembe akaitazama ile kofia. Mtoto alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba miezi miwili iliyopita, na Mama Auleria ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikiwa. Alimwandikia yote, hata lile ambalo mumewe Projest halijui mpaka leo: kwamba siku mtoto aliposhikwa na homa wingu lilitanda, naye akaanua kahawa yote uwanjani kabla ya kumbeba mtoto kwenda zahanati. Jibu lilikuja papo hapo, na picha ya mama huyu pembeni. Pole. Si kosa lako. Niko pamoja nawe.

Kwa ajili ya maneno hayo alitandaza nyasi mbichi sebuleni kila Jumamosi, kama anavyopokewa mtu anayekuja kukaa na mfiwa. Kila Jumamosi zilikauka bila kukaliwa.

Alipoambiwa mtoto yuko wapi, Mama Auleria aliketi kwenye kizingiti na kofia yake. Akaeleza, macho chini, kwamba alikuwa masomoni Bukoba, amerudi jana. Mradi wa ushauri pale zahanati uliweka mashine ijibu ujumbe kwa jina lake, maana wenye shida ni wengi na yeye ni mmoja. Waliahidi kwamba mambo mazito yangemfikia. Hakufikiwa na neno hata moja.

"Inajibu vizuri," Kemirembe alisema taratibu. "Sikatai. Kuna siku nilikula kwa sababu yake."

Mama Auleria akaanza kusema pole, si kosa lako. Yalikuwa maneno yaleyale. Kemirembe, ambaye hajawahi kumkatiza mkubwa, akamkatiza.

"Sikutaka kujibiwa, mama. Nilitaka uje ukae kwenye nyasi, nikuone uso nikikuambia: niliokoa kahawa kwanza, mwanangu baadaye."