Meneja Alipoacha Kunguruma

Mbwa aliitwa Meneja kwa sababu kutwa nzima alijilaza chini ya meza ya kukatia vitambaa, akitazama wenzake wanavyofanya kazi, na yeye hata kuinua mkia hakutaka. Mwenye meza alikuwa mshonaji, mjane mwenye ulimi mwepesi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Sebule yake ndiyo iliyokuwa karakana: cherehani dirishani, sketi za shule zisizo na vifungo juu ya kiti, na nyuzi kila mahali, mpaka kwenye chai.

Mwanawe, dereva wa lori, aliishi humo pamoja na mkewe na binti yao mdogo, aliyebandikwa jina la Kibibi kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu. Kibibi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, na Meneja alikuwa na kasoro moja: akiwa na kitu chake mdomoni, mfupa au hata kitambaa, hakutaka kusogelewa. Alinguruma.

"Mama, akimngurumia tena mwanangu, anaondoka," dereva alisema. "Nampeleka mbali, asikojua njia ya kurudi. Mbwa atapatikana mwingine, mtoto hapatikani."

Mama Pindo alijua mwanawe ana haki. Lakini mbwa huyo alikuwa akilala mlangoni pa chumba chake tangu mumewe azikwe, na kumpoteza lilikuwa pigo ambalo hakutaka hata kulifikiria. Basi akachukua rula yake ya mbao, ile ndefu ya kuchorea mikato, na kila Meneja aliponguruma aliichapa meza, pwaa! Akirudia, pua ndiyo iliyoionja. Haukupita muda mbwa akatulia kama maji mtungini. Mama Pindo akajigamba kwa wateja: "Nguo nazinyoosha, na mbwa nimemnyoosha!"

Asubuhi moja dereva alikuwa safarini na mkewe kazini. Mama Pindo alikuwa akishona zipu, kazi isiyotaka macho ya pembeni, na Kibibi alicheza na mabaki ya vitambaa sakafuni. Cherehani iliponyamaza, alisikia sauti ya mjukuu chini ya meza.

"Lete! Lete hapa!"

Aliinama. Meneja alikuwa ameikumbatia pedi ya bega la koti. Kibibi alikuwa amepiga magoti mbele yake, mkono umenyooka, uso usawa wa meno. Mbwa hakunguruma. Mwili ulikuwa umekakamaa, kichwa kimeinamia pedi, na weupe wa macho umejitokeza pembeni.

Mama Pindo aliijua vizuri hali ile. Zamani iliandamana na ngurumo. Mkono wake uliishika rula kwa mazoea, jicho la Meneja likaiona, na mdomo wake wa juu ukaanza kutetemeka. Hapo ndipo Mama Pindo alipofahamu alichokifanya. Hofu ya mbwa ilikuwa palepale. Alichomnyang'anya ni ile sauti tu, iliyokuwa ikiwaambia: sogeeni, sitaki kuuma. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya hiki alikuwa amekilea yeye mwenyewe.

Angepiga kelele, mbwa angeshtuka. Angemvuta mtoto, meno yangeuwahi mkono. Akailaza rula chini taratibu. Kando ya cherehani palikuwa na yai la kuchemsha alilobakiza asubuhi.

"Meneja, njoo ule," aliita kwa sauti ya kila siku, akalirusha yai kuelekea jikoni. Yai likabiringika. Mbwa akalitazama, kisha akamtazama mtoto. Kibibi akasogeza kidole.

"Kibibi, eti masikio ya Bibi yako wapi?"

Mtoto aligeuka. Mbwa akaiachia pedi, akalifuata yai mpaka jikoni. Mama Pindo alimnyakua mjukuu, akausukuma mlango wa jikoni kwa mguu na kumfungia Meneja huko, kisha akaketi sakafuni na kulia, mpaka mtoto akamfuta machozi kwa sketi ya mteja.

Dereva aliporudi, aliuliza hata kabla ya kuvua viatu. "Amenguruma?"

Mama Pindo angejibu "hapana" na kunyamaza, angekuwa amesema kweli, na mbwa angebaki.

"Hajanguruma," alisema, "na nusura amng'ate mtoto usoni." Akamweleza yote. "Ukitaka kumwondoa, mwondoe, mwanangu. Lakini sisi ndio tuliomziba mdomo. Naomba kizuizi mlangoni, na mtoto asiachwe naye peke yao hata kidogo."

Dereva alimtazama mtoto, akaitazama rula. Kesho yake alipigilia kizuizi cha mbao kwenye mlango wa jikoni.

Tangu hapo Meneja alikula nyuma ya mbao zile. Hakunyang'anywa kitu tena. Kila alichong'ang'ania alibadilishiwa kwa kipande cha nyama. Rula nayo ilitolewa nyumbani, maana kila alipoiona alinywea. Mama Pindo akabaki na futi ya kamba tu, na mapindo kadhaa yakaenda upande.

Ikafika siku, wote wakiwa sebuleni, Kibibi akakiegemea kizuizi na kupenyeza mkono kuelekea mfupa. Upande wa pili ikatoka ngurumo, nzito, yenye mikwaruzo, kama cherehani iliyokaa bila mafuta. Dereva aliruka kutoka kitini. Mama Pindo alikuwa ameshafika. Akamrudisha mjukuu nyuma, akachuchumaa mbele ya mbao, machozi ya furaha yakimlengalenga.

"Nimekusikia, baba," alimwambia mbwa. "Nimekusikia."