Kiti cha Nyuma

Kitu cha kwanza Kabanda alichoamuru kitolewe kwenye pikipiki yake mpya ni kiti cha nyuma. Hakungoja hata iingie vizuri kwenye gereji ya Jonan, pale Biharwe kando ya barabara ya Masaka. Alishuka, akakunja uso kwa maumivu ya nyonga, akanyoosha kidole.

"Hiki toa. Fasi yake weka sanduku."

"Lakini mzee, umeinunua juzi tu. Leo unaikata?"

"Mimi niko natembea peke yangu. Tangu zamani."

Huo ulikuwa uongo mkubwa. Kabanda alikuwa ametembea na watu maisha yake yote. Alishuka milimani na ng'ombe mpaka Fizi, huko Kongo, akavuka ziwa katikati ya wakimbizi wenzake, akapanda malori na kukaa juu ya magunia, kila mara goti la mtu mwingine liko mbavuni mwake. Ndiyo maana, akiwa na miaka sitini na sita, aliuza ng'ombe wawili akanunua kwa Sajini Naboth wa kambi ya jeshi Mbarara ile pikipiki kuukuu ya safari ndefu, yenye tangi kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba na kioo cha kuzuia upepo. Aliapa kwamba safari moja tu, kabla hajafa, ataifanya amekaa kama mtu.

Na safari yenyewe ilikuwa na siku yake. Dada yake mkubwa, Mukarukundo, alikuwa kambi ya wakimbizi ya Kyaka, na karatasi zake za Kanada zilikuwa zimetoka. Ijumaa asubuhi basi lingemchukua na wanawe mpaka Kampala, kisha ndege. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na mmoja. Walipogawanywa, mmoja Kyaka na mwingine Nakivale, chansi ya mama yao ilibaki kwenye mzigo wa Kabanda. Ni chombo cha maziwa cha mti, kinachofukizwa moshi ndani, chembamba shingoni, chenye kifuniko cha majani yaliyosukwa kama kofia ndogo. Kwao chombo cha mama ni cha binti mkubwa, na hilo halina mjadala. Mukarukundo alipopiga simu hakuomba mengi.

"Niletee chansi ya mama, iko na maziwa ndani. Ninywe mara moja, njo niende."

Basi Kabanda alitakiwa awe Kyaka Alhamisi, kabla ya giza. Pikipiki aliinunua Jumamosi. Alijiambia siku nne zinatosha hata kujenga nyumba.

Vestine, mke wake, alimwonya mapema, wakiwa bado nyumbani Rubondo, ndani ya kambi ya Nakivale.

"Papa Gaju, chansi hailazwi. Nani ataishika?"

"Nitaweka sanduku."

"Sanduku liko na mikono?"

"Mama Gaju, wewe unatafuta tu kupanda pikipiki."

"Ndiyo, natafuta. Kuna ubaya gani? Wifi yangu anaenda mbali na sitamuaga?"

"Pikipiki hii haibebi bantu," Kabanda alisema, akatoka. Walipatana jambo moja tu, kwamba Vestine aandae maziwa na kuyaleta gereji Alhamisi asubuhi, yasije yakachachuka kupita kiasi.

Jumapili Jonan alikuwa kanisani. Jumatatu kazi ikaanza, na taabu ikaanza nayo. Jonan alikuwa fundi hodari, hilo Kabanda hakulikataa, lakini mikono yake ilizoea bodaboda tu. Mchana Kabanda aliporudi kutoka Kakiika, alikofikia kwa rafiki yake, alikuta kiti cha nyuma kimekwisha kutolewa na mahali pake kuna kitanda cha vyuma, kipana kama mlango.

"Hiki ni nini?"

"Keria, mzee. Inabeba mikungu mitatu ya matoke, haitikisiki."

"Nilisema sanduku!"

"Sanduku litakaa juu yake. Na siku ukipata matoke?"

"Sibebi matoke!"

"Kila mtu anabeba matoke, sebo," Jonan akamjibu kwa upole, kama anayemtuliza mgonjwa. "Hilo sanduku ni la kubeba nini?"

Kabanda alikuwa amechoka kueleza vitu vya kwao. Kwenye fomu zote alizojaziwa Uganda, chansi ile iliandikwa "chombo, kimoja". Akampimia Jonan kwa mkono, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya vidole.

"Chupa ya maziwa. Kubwa hivi."

Jumanne ikawa siku ya kioo. Kabanda alisema upepo unampiga kipajini, kiongezwe urefu kidogo. Jonan akaunga kipande cha plastiki nene juu ya kile cha zamani, na kiungo kikapita sawasawa mbele ya macho ya Kabanda. Ili aone barabara, ilimbidi ama ainame kama anayechungulia chini ya mlango, ama anyooshe shingo kama ng'ombe juu ya ua.

Jumatano akakuta honi ya lori.

"Hii sikuomba."

"Ni zawadi yangu, mzee. Bonyeza."

Kabanda akabonyeza. Mbuzi wa jirani wakakimbia, na taa ya mbele ikazima. Siku nzima ikaliwa na kutafuta waya. Kabanda alikaa kwenye kistuli kilichofunikwa gunia, pale mlangoni pa gereji, akihesabu malori ya Masaka na kunung'unika. Hata nyonga ilikuwa imeacha kumuuma.

"Angalau kistuli hiki kimetengenezwa na mtu mwenye akili," alisema.

"Asante, mzee," Jonan akaitika kutoka chini ya pikipiki.

Alhamisi saa tatu asubuhi Vestine alishuka kwenye teksi iliyotoka Nakivale. Alikuwa amevaa koti zito, soksi na kitambaa kichwani kilichofungwa kwa nguvu, na chansi ilikuwa kifuani mwake. Aliipakata hivyo njia yote, kwenye mashimo na vumbi, na hakuna tone lililomwagika.

Jonan akafungua sanduku kwa fahari. Lilikuwa jeusi, linang'aa, lina kufuli. Kipimo kilikuwa sawasawa kabisa, mradi chansi ilazwe chali.

Lakini Jonan mwenyewe alikuwa haliangalii tena sanduku. Alijifuta mikono kwenye suruali, akasogea polepole.

"Banange! Mzee, hii ni ekyanzi."

"Chansi."

"Ekyanzi! Bibi yangu anazo saba. Wewe uliniambia chupa!"

"Ni chupa ya mti."

"Chupa ya mti! Nimepaka rangi ya mafuta ndani, mzee. Maziwa yatanuka geti! Na unataka niilaze? Bibi Topista akisikia nimelaza ekyanzi ndani ya chuma, hataniita mjukuu tena. Hapana. Hii kazi sifanyi." Akafunga sanduku, akalipiga kufuli.

"Siku nne unafanya kila kitu nisichoomba," Kabanda akafoka, "leo nimeomba kimoja unakataa!"

"Ungesema ekyanzi, ningekuambia Jumatatu. Hii inashikwa na mtu."

Vestine alisimama tu, chansi mikononi. Kabanda akatazama barabara, akatazama jua, akawaza Mukarukundo amekaa juu ya sanduku lake la safari, anasikiliza kila pikipiki inayopita.

"Kiti kiko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kiti gani?"

"Cha nyuma! Nilichokuambia toa!"

Jonan akakuna kichwa. Kisha akaenda mlangoni, akavuta gunia kwenye kistuli. Chini yake kilikuwapo kiti cha ngozi nyeusi, kimechomewa miguu minne ya nondo.

"Umekikalia siku tatu, mzee."

Vestine alicheka mpaka ikabidi ampe Jonan chansi aishike.

"Kata miguu," Kabanda akasema. "Na kitanda chako cha matoke, ondoa. Na plastiki hii. Ondoa byote!"

Ilipofika saa tano kasoro, pikipiki ilikuwa kama alivyoinunua kwa Sajini Naboth, isipokuwa honi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kugusa waya zile tena. Kabanda akawasha, akangoja. Vestine alibaki amesimama.

"Panda, Mama Gaju."

"Si ulisema haibebi bantu?"

"Saa inaenda!"

"Sema muzuri."

Jonan akajifanya anatafuta spana.

"Nakuomba, Vestine. Bila wewe sifiki."

"Wewe utafika. Maziwa njo hayatafika," akasema, akapanda.

Njia yote, kupita Ibanda na mbele zaidi, goti la Vestine lilikuwa upande mmoja wa mbavu za Kabanda na kitako cha chansi upande wa pili. Kila shimo Vestine aliliona kabla yake na kulitangaza sikioni mwake. Saa kumi na moja jioni wakaingia Kyaka.

Mukarukundo hakuitazama pikipiki hata kidogo. Alimkumbatia kaka yake kwa mkono mmoja, kwa ule mwingine akaipokea chansi. Akafungua kifuniko na kunusa kwanza, macho yamefungwa. Kisha akanywa, akashusha pumzi, akampa Vestine, Vestine akampa Kabanda.

"Bado iko na moshi wa mama," Mukarukundo akasema. Halafu akajifuta mdomo. "Ile basi itasimama kule barabarani, na miguu yangu ni mibaya. Kesho utanibeba?"

"Yaya, dada yangu, pikipiki hii hai..." Kabanda akaanza.

Vestine akamtazama.

"Saa ngapi?" Kabanda akauliza.