Zamu ya Pili Kwenye Sauna

Raili alifika njia panda ya nyumbani akapitiliza. Akageuza gari mbele huko, akarudi, akapitiliza tena. Mtu mzima na akili zake, anaogopa kwenda kwake!

Alichoogopa ni jibu alilolibeba kutoka hospitali. Mumewe Tauno alizaliwa na ugonjwa wa damu isiyoganda, na dawa ya kugandisha damu, iliyotengenezwa kwa damu za watu wengine, ndiyo iliyomtia virusi vya ukimwi, enzi ambazo hakuna aliyejua kuipima. Walikaa muda mrefu kama mke na mume wowote kabla ya kugundua, na bado Raili hakuambukizwa.

Siku walipoambiwa, Tauno alihamia chumba cha juu. Hilo Raili angelimeza. Lililomkaa kooni ni sauna, kile kibanda chao cha uani cha kuogea mvuke. Kila Jumamosi tangu waoane walikuwa wakiingia pamoja. Sasa Tauno alimtanguliza mkewe, akangoja atoke, ndipo akaingia peke yake, na akimaliza husugua benchi kwa burashi na klorini mpaka mbao zimepauka. Madaktari walimwambia virusi hivyo haviambukizi kwa jasho wala kwa benchi. Wapi! Kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko mawe ya jiko la sauna.

Halafu zikaja habari mpya. Wapo watu, wengi wao huku kaskazini mwa Ulaya, waliorithi kwa baba na kwa mama hitilafu ndogo ya mwilini, na mlango ambao virusi hupitia kuingia kwenye seli kwao haupo.

"Nenda kapimwe," Tauno alisema. "Ukiwa nayo, narudi chini. Na sauna tunaingia wote."

Leo Daktari Hellström, binti asiyejua kuzungukazunguka, alimpa jibu. "Umerithi upande mmoja tu. Mlango upo. Huna kinga, Raili."

"Mbona basi sijaugua?"

"Bahati. Na mumeo amekuwa mwangalifu."

"Mwangalifu! Anasugua benchi!"

"Benchi ni kazi bure. Saunani ingieni hata leo. Kitandani, kondomu, basi."

"Mwambie wewe."

"Mara ngapi tena, mama?"

Mara ya tatu kufika njia panda, Raili alikata kona. Tauno alikuwa uani anazoa theluji, na bomba la sauna linafuka moshi.

"Umechelewa, bibi. Kahawa imekuwa lami."

"Barabara inateleza."

"Haya, sema basi. Usinikaange."

Raili alifungua mdomo, na uongo ukatoka wenyewe. "Ninayo. Pande zote mbili."

Koleo likaanguka. Tauno akacheka kicheko ambacho Raili alikuwa ameshakisahau. "Nilijua mimi! Mwanamke hata mafua hayakupati!" Akaanza kuzunguka uani kama mtoto. Godoro linashuka leo hii! Tena yale makondomu ya hospitali, yote kwenye jaa, hayana kazi tena!

Hapo Raili akaona alichokifanya. Huyu mtu angemuua huku anacheka, halafu angekuja kujua.

"Tauno. Nimekudanganya. Ni upande mmoja tu. Sina kinga."

Tauno aliokota koleo, akaanza kuzoa mahali ambapo theluji ilikwisha. "Tangulia," akasema bila kumtazama. "Moto umeshakolea. Nitangoja."

Raili alitangulia. Alikaa benchi la juu, akashuka, akachochea kuni, akapanda tena. Hasira zilimpanda pamoja na joto. Muda wake wa kutoka ukapita.

Mlango ukagongwa. "Raili! Umezimia?"

"Bado."

"Toka basi, zamu yangu."

"Sitoki."

"Utaiva humo!"

"Nikiiva utakuja kunipakua."

Mlango ukafunguka, Tauno akachungulia na koti lake na kofia.

"Funga, mvuke unatoka."

Akaufunga, yeye nje. Raili akadhani ameondoka, akauma mdomo asilie. Kisha akasikia buti moja ikianguka chumba cha nje cha kuvulia nguo, ikafuata ya pili.

Tauno aliingia akakaa benchi la chini kabisa, ubavuni mwa mlango. Alikuwa amekonda kuliko alivyoonekana ndani ya nguo, na Raili alimpenda mpaka ikamuuma. Akamwaga maji kwenye mawe ya jiko, mvuke ukafoka.

"We mwanamke, unataka kuniua?"

"Huko chini baridi, mzee. Panda."

Tauno alipanda. Alikaa ameacha nafasi ya mtu mmoja katikati, na mikono ameibana mapajani. Raili akasogea, bega likagusa bega, na Tauno hakukimbia. Walikaa hivyo mpaka jasho halikujulikana lipi la nani.

Mwishowe Tauno, kwa mazoea, akapeleka mkono chini ya benchi. Akapapasa huku na huku.

"Burashi yangu iko wapi?"

Raili alimwonyesha jiko kwa kidole cha mguu. Burashi ilishika moto zamani, na mpini wake ndio ulikuwa unamalizikia. Tauno aliutazama, kisha akajiegemeza kwa mkewe akalia kwa sauti.