Keti Kwanza, Msaka Watoro

Mwaka ule wa tisini na nne, kijiji chetu cha Mugoma, mpakani na Burundi, kilijaa watu kuliko migomba. Watoto wa wakimbizi wanakaa sakafuni darasani, na mwalimu wa historia hakuna. Mimi Abeli nilikuwa nimesoma historia chuoni miaka miwili, wa tatu ukanishinda. Nikaenda kuomba kufundisha bure. Mwalimu mkuu, Xavery, akanitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Abeli, si wewe uliyesema askofu anakuja, tukafagia barabara siku mbili?"

"Shikamoo mwalimu. Barabara si ilipendeza?"

"Marahaba. Andaa igizo moja la historia, wazazi waone. Nikiona mzaha hata kidogo, unarudi kwenye kahawa ya baba yako."

Igizo nilikuwa nalo kichwani: wapinga utumwa wa Marekani. Weusi waliotoroka kisha wakarudi kuwachukua wenzao, kama yule mama Harriet Tubman. Na wazungu pia, waliowaficha watoro nyumbani kwao wakati sheria inasema ukificha unafungwa. Chuoni, habari zile ndizo pekee zilizowahi kuninyamazisha.

Niragira, msichana aliyevuka kutoka Burundi na mama yake, nikamfanya mtoro. Leonsia wa kwaya awe mwenye nyumba. Malongo, Msukuma mrefu mwenye mkokoteni wa ng'ombe, awe msaka watoro, kamba mkononi. Pale uwanjani tukaweka mlango wa fito, mkeka, kigoda na kibuyu cha pombe, pambo tu. Nilitakiwa kutia maji. Nikatia rubisi, pombe ya ndizi yenyewe. Sikomi, jamani.

Jumamosi saa tisa alasiri, uwanja umejaa, wenyeji na wakimbizi. Niragira akaingia mbio, mbio za kweli, hakuna aliyemfundisha. Leonsia akamficha nyuma ya mkeka. Malongo akapiga mlango teke, ukaanguka.

Hapo Leonsia alitakiwa kumfukuza Malongo. Lakini mgeni ameshaingia ndani! Mhangaza wa kuzaliwa yule, kabila la hapa kwetu, mkono ukaenda wenyewe: akasogeza kigoda, akaonja kwa mrija, akampa.

"Karibu, baba. Keti kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Kwetu ukishapokea mrija huinuki kibuyu kikiwa na kitu, ni matusi. Malongo analijua hilo. Akaketi, akavuta. Macho yakamtoka.

"Mama, hii mbona..."

"Kunywa, baba. Utamsaka ukiwa na nguvu."

Xavery akaanza kunusanusa. Kwaheri chaki!

Malongo akiwa bado anavuta, Niragira akatambaa akaingia katikati ya watazamaji. Hilo sikuliandika mimi. Mama mmoja akamfunika kitenge. Wakampitisha, nyuma ya mgongo huu, chini ya benchi lile, Warundi kwa Wahangaza, mpaka akaishia nyuma ya kiti cha Xavery.

Malongo akamaliza kibuyu, akasimama, anayumba. "Mtoro yuko wapi?"

"Hajapita!" wakajibu watazamaji.

"Wewe bibi, hujamwona?"

"Keti kwanza mjukuu wangu, unywe uji."

"Na wewe mzee?"

"Keti kwanza!" Uwanja mzima sasa, mpaka watoto. "Keti kwanza! Keti kwanza!"

Nikasahau kazi, nikasahau rubisi, narukaruka pembeni kama kichaa. Miaka miwili nimewasoma watu hawa kwenye vitabu, kumbe ningewatafuta hapa hapa!

Malongo akafika kwa Xavery. Nyuma ya kiti, kitenge kilikuwa kinahema.

"Mwalimu mkuu, wewe hujawahi kusema uongo. Mtoro amepita hapa?"

Xavery akanitazama mimi. Akatazama kibuyu. Akavua miwani, akaifuta polepole, nami nikamwona baba yangu ananikabidhi jembe. Kisha akanyoosha mkono, akavuta benchi la jirani, akalipangusa vumbi.

"Keti kwanza, bwana. Umetoka mbali."

Kelele zile nadhani hata kijiji cha Mbuba walizisikia! Niragira akachomoka, akauzunguka uwanja mikono juu, kitenge kinapepea, watoto wote nyuma yake. Malongo alikuwa ameketi kweli, anawapigia makofi.

Xavery akanishika sikio. Sikio, mtu mzima mimi!

"Ile ilikuwa rubisi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Jumatatu saa mbili, darasa la sita." Akalivuta zaidi kidogo. "Na hicho kibuyu ukioshe."