Chakula-Dawa cha Timazi

Timazi alivaa suruali mbili, kuukuu ndani na ya kwendea kliniki juu, akakaza mkanda mpaka kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Mkewe alikuwa akimsubiri mlangoni. Nesi alikuwa ameagiza kwamba safari hii aje na mtu wa nyumbani, na nesi yule hakuwa mtu wa kuambiwa sijasikia.

Jina hilo la Timazi alipewa na waashi wenzake, maana ukuta wake ulinyooka hata pasipo uzi wala timazi. Siku hizi tofali mbili tu zilimtoa jasho. Msimamizi alimwambia kwa upole akapumzike, wakimhitaji watamwita. Hawakumwita. Hata hivyo kila asubuhi alibeba mwiko wake, akaenda kukaa nyuma ya ghala la saruji mpaka jua lipoe. Jioni mkewe akimpakulia, yeye alisema ameshakula kazini. Sufuria yenyewe ilikuwa ndogo, na watoto wake walikuwa wameongezewa wa marehemu kaka yake.

Kliniki, nesi alimtaka avue ile suruali ya juu ndipo apande mizani. Timazi akavua, macho chini; ya ndani ilikuwa na viraka makalioni. Nesi akamzungushia mkononi, juu ya kiwiko, utepe wa kupimia wenye rangi. Ukasoma kwenye nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali. Akamuuliza kama anakohoa, kama anaharisha, kama ana vidonda mdomoni vinavyomzuia kumeza. Yote hapana. Makohozi yalishapimwa, kifua kikuu hakuna. Vipimo vya damu vilionyesha virusi vya UKIMWI vimefubazwa, kwa kuwa hakuwahi kuruka kidonge. Lakini nyama zilikuwa zikimwisha kama sabuni iliyosahauliwa majini.

"Dawa inafanya kazi yake, baba," nesi alisema. "Sasa niambie, unakula nini?"

Timazi akaukodolea macho ukuta. Kusema ana virusi alishazoea. Alishasema mbele ya kikundi, hata mbele ya shemeji zake. Kusema ana njaa, ulimi ulikataa. Mwanamume mzima, mikono yote miwili anayo.

"Anakula kazini," mkewe akamjibia.

"Na zile pakiti za chakula-dawa nilizompa?"

"Zile za watoto? Nawakorogea kwenye uji. Wanazipenda kweli."

Nesi akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba zile zilikuwa tiba ya huyu bwana. Kwamba mwili usiolishwa huanza kujila wenyewe, na mtu mwenye virusi akifikia hapo, homa ndogo tu inaweza kumwondoa.

Mkewe alimgeukia taratibu. "Uliniambia wametoa kwa ajili ya watoto."

"Niliona wanalala na..." Hakumaliza.

"Na huko kazini?"

Timazi akatikisa kichwa. Mkewe akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mkono uliokuwa ukikoroga ulikuwa wake, na mume ameketi palepale akitazama.

Kisha mke akauliza kama watoto nao wangeweza kupewa pakiti zao. Nesi akamwonyesha ule utepe. Wakifika kwenye nyekundu wawalete. Kabla ya hapo yeye hana ruhusa.

"Kwa hiyo wakonde kwanza," mkewe alisema.

Nesi alifungua kabati, akatoa pakiti moja, akaikata pembe na kumpa Timazi. Aile hapohapo, yeye akiona.

Timazi alikusudia kuonja tu, kwa heshima. Lakini ule utamu wa karanga na sukari ulipogusa ulimi, mikono haikumsikiliza tena. Aliikamua, akaipasua, akailamba ndani mpaka karatasi ikang'aa. Alipoinua macho, mkewe alikuwa ameelekea dirishani, kama mtu anavyompa mwenzake kisogo avae nguo.

Akajifuta midomo kwa kiganja.

"Niongezee nyingine," akamwambia nesi, kwa sauti ndogo.