Baraza la Fundi Kinyume

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hawakumjua meneja wa nyumba ya wawindaji, maana njia yake ilikuwa na miaka kumi na bado inasonga mbele.

Kila jioni mtandika vitanda, akipita na sinia la chai, alimsikia akiwasimulia wageni jinsi babu yake alivyoihamisha nyumba nzima ya mbao kutoka bondeni hadi huku mlimani, gogo kwa gogo, na kwa akili yake akaamua baraza litazame korongo. Wageni wakasifia mandhari. Mwanamke huyo nyongo ikampanda.

Aliyeijenga upya nyumba ile alikuwa baba yake yeye, fundi wa mbao. Kule bondeni, kabla ya kuibomoa, mafundi wake walichonga alama upande wa ndani wa kila gogo. Huku juu, kwa baridi na haraka, wakayapanga magogo alama zikitazama nje. Nyumba ikasimama imegeuka, baraza limeipa njia mgongo, likitazama korongo. Babu wa meneja akamtukana fundi mbele za watu, akamfukuza. Tangu hapo akaitwa Fundi Kinyume, asipewe hata kigoda akitengeneze. Leo kosa lile lile ndilo linalojaza vyumba, na sifa kapewa aliyelitukana!

Sasa fundi yule alikuwa mzee na mgonjwa. Binti yake, mtandika vitanda, akambana meneja: siku moja tu, baba akiwepo, sema kweli. Meneja akaapa.

Mzee akaletwa, akakaa nyuma, kofia mapajani. Meneja akasimama, akasimulia yale yale.

Binti akalitua sinia kwa kishindo. "Mwongo! Aliyeligeuza baraza ni huyu hapa! Mlimtukana, mkamnyima kazi, leo mnakula jasho lake!"

"Mama, kazi unaitaka au huitaki?" meneja akauliza polepole.

Mzee akainuka. "Msamehe, bwana. Hasira tu hizo. Babu yako ndiye aliyechagua. Mimi nilikuwepo."

Wageni wakampigia makofi. Meneja akamkumbatia bega, wakapigwa picha.

Wakati wa kushuka, binti alitangulia, kumtazama hakuweza.

"Una watoto, mwanangu," mzee akasema akihema. "Jina langu limeshaoza. Kazi yako bado."

"Kazi ningepata nyingine, baba! Sasa nimwambie nani, na wewe umeshanikana?"

Mzee akavaa kofia yake, akaendelea kushuka.

Wiki haikuisha, picha ile ikatundikwa barazani, na kazi ya kuifuta vumbi akapewa binti.