Walivyomtetea Mwalimu wa Ukunga

Mapazia yakitundikwa maktaba ya chuo, ujue jopo la tathmini linakuja. Nina duka la kutoa kopi ng'ambo ya geti, na nimeyaona yakipanda na kushuka tangu mkuu wa idara wa sasa hajaota mvi. Jopo likiondoka yanakunjwa, yanarudi stoo. Safari moja walitundika hata saa ya ukutani isiyo na mashine ndani. Mishale ikakaa pale pale asubuhi hadi jioni, na wageni wakaandika kwamba mazingira ya kujifunzia yanaridhisha.

Dada yangu alifundisha ukunga pale, mkondo wa pili wa shahada. Mkondo wa kwanza ulikuwa wa mhadhiri aliyeitwa Bwana Nukta, kwa sababu alisoma karatasi zake pamoja na alama zake zote: "nukta, aya mpya." Wanafunzi wake walitoka na madaftari mazito, na majopo yaliyapenda. Yalifunua ukurasa wa kwanza, yakafunua wa mwisho, yakaona mada zote za mtaala zimo, yakaenda kula. Kila darasa likairithisha elimu hiyo kwa wadogo zao: mgeni akija, mwonyeshe daftari.

Dada hakuwa na daftari la kumwonyesha mtu. Alikuwa na mwanasesere wa kitambaa, ukubwa wa mama mzima, aliyemshona mwenyewe na kumjaza sponji, na mtoto tumboni anayegeuzwa upendavyo. Wanafunzi walimwita Shangazi. Walifungwa macho, wakapapasa tumbo la Shangazi, waseme kichwa cha mtoto kiko wapi.

"Hicho ni kisigino, mwanangu," dada angesema, "na wewe unakisifu kina nywele."

Darasa linacheka, aliyekosea anarudia. Mada haikuhama mpaka mikono yote ijue, kwa hiyo mada za mwisho zilibaki kila mwaka. Alikuwa na sababu. Zamani naye alisomesha kwa daftari, akamtoa msichana aliyeongoza chuo kizima. Siku yake ya kwanza wodini, msichana yule alisimama kando ya kitanda akitaja hatua zote kwa mpangilio, bila kukosea hata moja, mikono inaning'inia. Mama aliyekuwa kitandani hakurudi nyumbani.

Safari hii idara iliambiwa mikondo itaunganishwa. Jopo ndilo litakalosema darasa libaki kwa nani, na mwingine ahamie ofisi ya udahili akagonge mihuri. Dada akaanza kuacha chakula sahanini.

"Mihuri, mdogo wangu," aliniambia. "Mimi?"

"Naandika karatasi, nabandika geti zima."

"Ulibandika ile ya maji ya hosteli, wakachelewesha mabomba mwaka mzima kukukomoa wewe. Waliooga kwa ndoo ni wanangu. Kaa dukani."

Wanafunzi walizipata habari, na walimpenda. Wakaona mwalimu wao ataaibika, hana daftari. Kiongozi wao, msichana waliyemwita Spika, akawakusanya. Waliazima madaftari ya Bwana Nukta, wakayanakili kwa mkono Jumamosi na Jumapili, neno kwa neno. Kwenye duka langu hawakuja, kwa kuwa mdomo wangu wanaujua. Wakamfunga Shangazi ndani ya shuka, wakamficha hosteli chini ya kitanda. Dada hawakumwambia. Walitaka iwe zawadi.

Kanuni ya jopo ni kwamba mwalimu anatoka nje na wanafunzi wanahojiwa peke yao. Kanuni ya chuo ni kwamba atakayelidanganya jopo anafukuzwa.

Mahojiano yalipokwisha, alasiri, walimu waliitwa ukumbini kusomewa matokeo. Mimi nilikuwa nyuma, nimeleta boksi la kopi. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mtu mzima, mkunga mstaafu.

"Mtaala mpya unataka mikono," alisema. "Tumechoka na wakunga wa kukariri. Tulisikia hapa kuna mwalimu anayefundisha kwa kupapasa. Huyo ndiye tuliyemfuata, tumwachie darasa, na vyuo vingine vije kujifunza kwake."

Dada aliinua uso. Nilikuwa sijauona umefunguka vile kwa muda mrefu.

"Tukawauliza wanafunzi wa mkondo wa pili. Wamesema hawajawahi kushika chochote. Mwalimu anasoma, wao wanaandika, mtaala umekwisha. Nikarudia swali, nikidhani hawakunielewa. Kiongozi wao akanijibu kwamba mwalimu wao hapotezi muda na midoli. Tukafunguliwa chumba cha vitendo, tukakuta mafagio. Na madaftari yao ni yale yale ya mkondo wa kwanza." Akavua miwani. "Sasa kati ya wawili wanaosoma, tumemchagua aliyetunga anachokisoma. Mwalimu, una la kusema?"

Alikuwa nalo. Sentensi moja tu, na Shangazi angeletwa mbio kutoka hosteli. Nikaweka boksi chini. Dada akageuka, akanitazama kwa jicho lile alilonilea nalo.

"Sina, mama," akasema.

Nyumbani nilimfuata mpaka jikoni.

"Ungesema, dada."

"Halafu Spika aende wapi?"

"Kwao. Amedanganya."

"Amenitetea. Mikono yake ndiyo mizuri kuliko yote niliyopata kuishika. Nimtoe yeye nibaki mimi, nimfundishe nani?"

"Hata tathmini yenyewe ni ya uongo basi."

"Watoto wamewapa wageni kile wageni walichokuwa wakikitaka siku zote. Nani aliwazoesha? Wewe unawajua."

Nilikuwa nawajua. Niliwataja mmoja mmoja, majopo na wakuu wa idara, aliyepokea sifa za maktaba ya mapazia ya siku moja, aliyesema vitendo ni kazi ya vyuo vya chini, nikawataja kwa sauti mpaka dada akafunga dirisha. Kisha akakaa kwenye stuli, akalia bila kujifunika uso, viganja vimelala mapajani kama si vyake.

Tangazo lilipobandikwa lilisema "mabadiliko ya watumishi", basi. Ofisi ya udahili ina feni na zulia. Wanafunzi walipomwona dada nyuma ya kioo wakaamini amepanda cheo.

Nilikuwa ndani kwake nikihesabu rimu za karatasi walipokuja, Spika mbele.

"Hongera, mwalimu. Hatukutaka kukwambia, ila siku ile tulikusemea."

"Nilisikia, mwanangu. Asanteni."

"Umenenepa tayari na hilo feni."

"Feni halinenepeshi mtu, we mtoto."

Wakacheka. Spika akasogea karibu na tundu la kioo. "Ila unatutesa. Huyu wa sasa tunaandika mpaka vidole vinakufa ganzi. Na lile somo la mtoto aliyekingama tumboni tuliliacha katikati. Tumemuuliza, anasema liko kurasa za mbele huko, tutalifikia."

Nikafungua mdomo. Chini ya meza dada akanibana kiganja mpaka kikauma.

Akakiachia, akapitisha mkono wake kwenye tundu la kioo, akauchukua wa Spika. Akaukunja ngumi, akaushika kana kwamba ni bega la mtoto, na kwa mkono wa pili akazilaza juu yake ncha za vidole vya mkono mwingine wa msichana yule. Nyuma foleni ikaanza kunung'unika.

"Ukisikia hapa pagumu, na kichwa hukipati chini," alimwambia polepole, "usivute. Unaita daktari. Umenielewa? Hata wakupigie kelele, usivute."

"Nimeelewa, mwalimu," Spika akasema huku anacheka, akitazama nyuma, akampisha aliyefuata.